Kaburi la Tisa

Nianze na mdomo wangu, maana ndio unaojulikana. Kila Mrundi na kila Mkongo anayesali Misa ya Kiswahili pale St Marys atakwambia Bibiane Niyonsaba hana breki. Sawa, sibishi. Basi na hili nitalisema mwenyewe, kabla halijasemwa na watu wasiolijua.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Ingleburn, Sydney, shifti ya asubuhi. Naosha wazee, nawavalisha, nawalisha uji wao usio na ladha. Mwaka jana mwezi wa nane, baridi imekaza, wakatuletea Padri Fidelis Ndunguru, Mtanzania wa Mbinga, ambaye kwa karibu miaka ishirini alikuwa padri wetu sisi tuliotoka kambi za wakimbizi. Kansa ya kongosho. Daktari alishasema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Manija akauliza nani anajua lugha yake, nikanyoosha mkono hata hajamaliza kuuliza.

Alikuja na begi moja la nguo, mafungu mawili ya barua yaliyofungwa kwa uzi, na kile kisanduku. Kisanduku tulikijua wote. Cha mbao nyekundu, ukubwa wa mkate, juu kina kioo, na ndani, kwenye kitambaa cheupe, mmelala taya la chini la mtoto. Ndiyo, mfupa wa mtu. Sisi Wakatoliki tuna masalia ya watakatifu, na Padri alituambia hayo ni masalia ya Magdalena, binti mdogo wa Kimohawk aliyekufa karibu miaka mia tatu iliyopita huku akisali. Wamohawk ni wenyeji wa kando ya mto Saint Lawrence, huko Kanada na Marekani, waliokuwepo kabla mzungu yeyote hajatia mguu. Padri alipokuwa kijana alipelekwa huko kusomea akiolojia, akachimbua uwanja wa misheni ya zamani, akaandika na kitabu kinene cha historia ya watu wale. Magdalena hakutangazwa na Roma, lakini kwetu ilitosha. Mgonjwa akizidiwa, Padri alikuja na kisanduku kwapani, akamwekea kifuani. Mimi mwenyewe nilikibusu kile kioo siku nilipokwenda kupasuliwa nyongo, nikamwambia Magdalena mwanangu, usiniache.

Sasa na mimi nilikuwa na changu.

Mwaka tisini na nane, kambi ya Mtabila, kule Kasulu, surua iliingia kwenye bloku yetu ikafagia watoto. Mwanangu wa kwanza, Égide, alikuwa na miaka minne. Wiki ile tulizika watoto ishirini kwenye mstari mmoja. Mstari ulianzia barabarani, ukaishia kwenye msalaba mkubwa wa mti ambao katekista aliusimamisha. Égide alikuwa wa tisa. Wa kumi na mbili alikuwa Diane, binti wa jirani yangu Nduwimana. Kati ya wetu palikuwa na makaburi mawili tu, tukikaa pale kulia tunapeana kikombe cha maji bila hata kunyanyuka.

Mungu akatuleta Sydney, mimi na Nduwimana, mwaka mmoja. Yeye akapata nyumba St Marys, anasafisha maofisi. Mimi nikazaa mwingine, Elvire, kwa hiyo watu hapa wananiita Mama Elvire. Nduwimana peke yake ndiye anayeniita Mama Égide, na mimi peke yangu ndimi ninayemwita Mama Diane. Tukiacha sisi, majina hayo hayatatamkwa tena na mtu.

Mwaka 2013 Padri alikwenda likizo Tanzania. Kambi ilikuwa imeshafungwa, nyumba zimebomolewa, watu wamefukuzwa warudi Burundi. Nikampigia magoti. Padri, pita Kasulu, niletee udongo wa mwanangu, mstari wa tatu, kaburi la tisa, vilima bado vinaonekana. Akaenda, yeye na presha yake, kwa barabara ile mbovu, akaniletea udongo mwekundu kwenye mfuko wa plastiki. Nikautia kwenye chupa ya jemu, nikaifunga utepe mweupe, nikaiweka juu ya kabati la sebuleni. Miaka kumi na moja nimeisalimia kila asubuhi kabla ya kazi. Nikigombana na Elvire naishtakia: Égide, msikie mdogo wako anavyonijibu.

Na kila tarehe mbili Novemba, siku ya Marehemu Wote, Mama Diane alikuja kwangu. Anaipakata ile chupa, analia nayo, anasema, "Angalau wewe una udongo." Mwaka mmoja akaniomba kijiko kimoja tu, cha chai, maana ni mstari ule ule, mvua ile ile imepita juu yao. Nikamkatalia. Nikamwambia, "Mama Diane, mtoto hagawanywi." Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu, na moyoni nikaona nimesema vizuri.

Haya. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nimemwosha Padri mgongo, nimemkalisha kwenye mito, akaniambia, "Bibiane, simu yako inaandika barua?"

"Padri, simu zote zinaandika. Wewe sema."

"Nataka kumwandikia Bi Angélique. Nitasema kwa Kiswahili, kichwa changu hakina tena Kiingereza. Elvire atatafsiri." Akavuta pumzi. "Msalimie kwanza. Halafu andika: mfupa ninao mimi."

"Mfupa upi?"

Akanyoosha kidevu kwenye kisanduku. Nikadhani ni dawa za maumivu zinaongea.

"Angélique ni nani, Padri?"

"Ni Mmohawk. Ni mzee sasa, ana miaka sabini na kitu. Wale wote tuliowachimbua mwaka themanini na moja, watu wake walidai mifupa yao, wakarudishiwa, wakawazika upya. Lilikosekana taya moja. Ameniandikia kila mwaka, miaka ishirini na sita, aniulize kama najua liliko. Barua zake ndizo hizo." Akagusa fungu la kwanza. "Kila mwaka nimemjibu sijui."

"Yaani ulikuwa unadanganya? Wewe?"

"Nilikuwa nadanganya."

"Na fungu hilo jingine?"

Akaligusa na hilo. "Hilo ni la Wajerumani."

Hilo nililijua, nani asiyelijua! Babu mzaa babu yake alinyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji, wakamkata kichwa, wakapeleka fuvu kwao kulipima. Kila mwaka Padri alilihubiri lile fuvu mpaka akina mama wanatoa leso. Aliandika barua Ujerumani miaka thelathini, kila anayemwandikia anamrudishia jibu la kumzungusha. Pale kanisani tuliwahi kusaini karatasi, watu mia na zaidi, tukawaita Wajerumani wale watu wasio na haya.

"Loo! Padri," nikasema. "Wewe uliyewalilia Wajerumani!"

"Andika, Bibiane. Baadaye utanitukana, nakuruhusu. Bado sijafika."

Nikaandika.

"Mwambie si Magdalena."

"Ala! Si Magdalena ni nani basi?"

Akaeleza taratibu, anapumzika kila sentensi. Kitabu cha vifo cha misheni ile kilisema Magdalena amezikwa kwenye mstari wa watoto, kaburi la tano. Yeye akafukua msingi wa kanisa, akauona mstari, makaburi kumi na moja, kutoka palipokuwa altare mpaka palipokuwa mlango. Akahesabu tano. Akamkuta mtoto wa miaka sita, umri ukalingana, furaha ikampanda kichwani. Jioni ile wenzake wakiwa wanakula, akalifunga taya kwenye leso yake, akajiambia mtakatifu hawezi kukaa kwenye sanduku la maabara. Miaka ikapita, kitabu chake kikatoka, kikasifiwa, ndipo alipokisoma tena kile kitabu cha vifo na kugundua kwamba namba za makaburi hazikuandikwa na padri wa misheni. Mwandiko ulikuwa wa mchimba makaburi.

"Mchimba makaburi anaingia na jembe lake mlangoni," akasema. "Anahesabu kutoka mlangoni. Mimi nilihesabu kutoka altareni."

"Kwa nini altareni?"

"Ndipo padri anaposimama. Kila kitu nakihesabu kutoka pale. Wala sikuwaza kwamba kuna upande mwingine wa kuanzia." Akafumba macho. "Wa tano kutoka altareni ni wa saba kutoka mlangoni. Kitabu kinamtaja Agatha. Miaka sita. Mama yake alikuwa anafua nguo za misheni. Hakuna zaidi. Mwambie Angélique wasije wakamzika kwa jina la mwenzake. Ninayejua ni mimi peke yangu, na mimi naondoka."

"Ulijua lini?"

"Tangu mwaka tisini na tisa."

"Na ukaendelea kutuwekea kifuani unatuambia Magdalena."

"Watu walikuwa wanapata nafuu."

"Nani? Nitajie mmoja."

Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

Nikainama kwenye simu niandike lile la mlangoni na altareni, nililete sawasawa. Kidole gumba kikasimama chenyewe. Sijui nieleze vipi. Kama vile unapopanda ngazi gizani, mguu unatafuta kipandio hakipo.

"Padri," nikasema. "Na kule Mtabila ulihesabu kutoka wapi?"

Akafumbua macho. Akaniangalia, na nikaona swali likimwingia polepole mpaka likafika chini.

"Uliniambia la tisa," akasema.

"Nilikwambia la tisa."

"Hukuniambia kutoka wapi."

"Jamani! Nani anaingia makaburini kutoka angani? Unaingia kutoka barabarani! Kila mtu anaingia kutoka barabarani!"

"Palikuwa na msalaba mkubwa," akasema, sauti imekwisha. "Nilikwenda nikasimama msalabani. Nikasali. Nikahesabu."

"Ulishajua kosa lako miaka kumi na minne, ukalirudia?"

"Nilijua nilikosea kaburi lile la Kanada, Bibiane. Sikujua kwamba ndivyo nilivyo."

Nilihesabu kwa vidole, palepale, simu nimeiweka mapajani. Ishirini, kumi na tisa, kumi na nane. Nikahesabu mara tatu nikidhani vidole vitanihurumia. Wa tisa kutoka msalabani ni wa kumi na mbili kutoka barabarani. Niliyemsalimia miaka kumi na moja ni Diane. Na aliyekuja kuipakata chupa ile akalia, akaniambia angalau wewe una udongo, alikuwa amempakata mwanawe.

Mtauliza kwa nini asitumwe mtu mwingine. Atumwe nani, wapi? Binamu yangu alipita Mtabila mwaka juzi, akasema ni mihogo mitupu mpaka upeo wa macho, vilima vimesawazishwa, msalaba ulishakuwa kuni. Égide wangu hana tena pa kuhesabiwa.

Nilimvalisha Padri soksi, maana kazi ni kazi na miguu ilikuwa ya baridi. Nikamfunika. Kisha nikatia simu mfukoni na barua yake ndani yake, nikamwambia, "Nimemaliza shifti." Haikuwa kweli, ilikuwa saa tatu asubuhi.

Sikuituma. Nalisema wazi: nilikuwa naweza na sikutaka. Niliingia chumbani mwake kila siku, nikamwosha, nikamgeuza, nikamlisha, sikumwambia hata neno moja. Mimi, kunyamaza! Wenzangu waliniuliza kama naumwa. Padri hakuuliza. Alikuwa anautazama mfuko wa sare yangu tu, palipo simu. Na mimi nikasema moyoni, tazama. Onja na wewe kusubiri jibu. Alikuwa anakauka mbele ya macho yangu na nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kabisa.

Jumamosi Mama Diane akapiga hodi bila taarifa, anapeleka sambusa kwa mtu Liverpool, hii ya hapa Sydney, kaona apite. Nilimwona dirishani anavuka barabara. Nikaruka kabatini nikaichukua chupa, nikaingia nayo chumbani, nikaizamisha chini ya masweta. Elvire alikuwa kwenye kochi na vitabu vyake vya unesi, akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza nafanya nini. Huyu anaelewa Kiswahili chote, kukijibu ndio hataki. Nikamwambia afunge mdomo.

Mama Diane akaingia, akakaa, macho yakaenda juu ya kabati moja kwa moja. Palikuwa na alama ya duara kwenye vumbi.

"Mama Égide, mtoto yuko wapi?"

"Nimemweka mahali salama. Elvire anafanya usafi, nikaogopa asije akaivunja."

"Umefanya vizuri," akasema. Akaniamini. Akala sambusa yake mwenyewe moja, akaniachia mbili, akaondoka. Aliponiaga alinishika mkono akauliza kama nimepungua.

Usiku ule nilimweleza Elvire yote. Akanisikiliza, akasema, kwa Kiingereza chake hicho, kwamba mwisho wa yote ule ni udongo tu. Nikamwambia kama ni udongo tu, basi kachukue wa bustanini. Akalia. Hakujua hata kwamba mimi nilikuwa nimeshalifikiria lile. Ndiyo. Nilikuwa nimeshafikiria kumpelekea Mama Diane kijiko cha udongo kutoka kwenye chupa, kama zawadi, nimwambie nimebadili nia, tugawane. Angenishukuru mpaka kufa. Mimi ningebaki na chupa.

Siku ya nane manija aliniambia nipanguse vumbi chumbani kwa Padri, kuna ukaguzi. Nikapangusa dirisha, nikapangusa meza, nikafika kwenye kisanduku. Miaka yote nilikibusu kile kioo macho nimefumba, ndivyo tulivyofundishwa. Siku hiyo nikaangalia. Meno ya utoto, madogo kama punje za mahindi mabichi. Mbele pana pengo, na ndani ya pengo lile jino la ukubwani lilikuwa limeanza kuchungulia. Jino hilo linamwasha mtoto, analigusa kwa ulimi kutwa nzima, anakuja kukuonyesha mama tazama. Égide hakufikia hapo. Agatha alifikia, akamwonyesha mama yake aliyekuwa anafua nguo za mapadri. Na mimi nimemweka mfukoni siku nane kwa hasira zangu. Padri alistahili. Mtoto kakosa nini?

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. "Nitaituma leo," nikamwambia Padri. Lilikuwa neno la kwanza tangu Jumanne ile.

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia sikioni, nikayafuta kwa kitambaa kile kile cha vumbi.

Elvire alitafsiri jioni, tukaituma kwa anwani ya barua pepe iliyokuwa kwenye barua za Bi Angélique. Jibu lilikuja kabla hatujamaliza kula. Mistari miwili: anakuja mwenyewe, tusimguse mtoto mpaka afike.

Alifika Jumatatu. Mwanamke mfupi, nywele nyeupe za kusuka msuko mmoja, jinzi, raba, macho mekundu kwa safari ya siku mbili. Alibeba kisanduku chake cha mbao na kitambaa. Nilimpokea mlangoni, nikamwonyesha chumba, nikataka kutoka, akaniambia nibaki. Kiingereza cha kuelewana ninacho.

Hakumsalimia Padri. Alikwenda kwanza mezani, akakifungua kioo, akaongea na Agatha kwa Kimohawk muda mrefu. Sauti haikuwa ya kusali, ilikuwa ile unayotumia kumwamsha mtoto aliyelala garini, mmeshafika nyumbani. Akamwinua kwa mikono miwili, akamfunga kitambaani, akamlaza kwenye kisanduku chake, akakifunika. Ndipo akavuta kiti.

"Nilikuwa namsubiri Magdalena," akasema. "Huyu hakuna aliyemuulizia. Tulimzika bila taya, tukidhani yeye ndiye Magdalena. Tutamfungulia kaburi, tumrudishie taya lake."

"Nisamehe," Padri akasema. Hilo alilikumbuka kwa Kiingereza.

"Hilo utaongea na yeye." Hakupandisha sauti. "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Barua yangu ilipofika kila mwaka, ulikuwa unajiambia nini?"

Padri akageuza macho kwenye fungu la barua zake.

"Nilikuwa najiambia mwaka ujao."

Bi Angélique akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokifuata, akainuka, akaondoka na mtoto wake. Aliponipita mlangoni alinishika bega akanishukuru kwa kuituma barua. Nikashindwa kumtazama usoni. Nilikuwa naiwaza ile chupa chini ya masweta yangu.

Padri Fidelis alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, mimi nimemshika mkono. Mtasema nilimsamehe. Sijui. Nilimshika mkono kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumshika, na kwa sababu nilikuwa nimeshajua sisi wawili tunafanana.

Alhamisi sikwenda kazini. Nilitoa chupa kwenye masweta, nikaifuta, nikaifunga utepe mpya. Nikaisalimia. Nikakosea nikasema Égide, nikarudia nikasema Diane. Nikaipakata kwenye treni kutoka Ingleburn, nikabadilisha Glenfield, nikabadilisha tena Blacktown. Kijana mmoja aliniuliza ni jemu ya nini. Kila kituo mlango ukifunguka nilikuwa nasema hapa nashuka, nageuza, nitakwenda Novemba, siku yake yenyewe ya Marehemu, itapendeza. Nikajikaza kisabuni mpaka St Marys.

Mama Diane alifungua mlango na apron, mikono ina unga. Akaiona chupa. Uso wake wote ukafunguka, hajawahi kunipokea hivyo.

"Mama Égide! Umeniletea kidogo?"

Akageuka kukimbilia jikoni. Nikasikia droo, vijiko vinagongana. Akarudi na kijiko cha chai na kikombe cha kahawa cheupe, kile chenye ukingo wa dhahabu asichompa mgeni yeyote. Akanyoosha kikombe.

"Si kidogo," nikasema. "Ni wote. Ni wako, Mama Diane. Tangu mwanzo ni wako."

Nikamweleza palepale kizingitini. Barabarani, msalabani, tisa, kumi na mbili. Sikujipendelea. Nilimweleza na habari ya masweta, na ya Elvire na usafi, na jinsi nilivyowaza kumpa kijiko nijibakizie chupa. Aliweka kikombe chini kwenye sakafu polepole, kijiko ndani yake.

"Ule mwaka nilipokuomba ukaninyima," akasema, "ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui. Naapa."

"Na umejua lini?"

"Jumanne ya wiki mbili zilizopita."

Akahesabu. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti.

"Siku kumi na sita," akasema. "Nilikuja kwako. Nikakaa. Yuko chumbani, unaniambia mahali salama."

"Ndiyo."

Afadhali angenipiga. Alipangusa mikono kwenye apron, upande huu na upande huu, kisha akaipokea chupa, akaibana kifuani chini ya kidevu, unga wake ukabaki kwenye kioo. "Diane," akaiambia. "Diane wangu, kumbe ulikuwa karibu." Akageuka akaingia nayo ndani. Nilimsikia anavuta kiti, anaongea nayo Kirundi cha kumbembeleza mtoto, kisha kilio kile, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mtabila.

Mlango aliuacha wazi. Hakuniambia karibu, hakuniambia nenda. Baada ya muda, kutoka huko ndani, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na Égide yuko wapi?"

"Sijui, Mama Diane."

Nikabaki pale kizingitini, mikono mitupu, nikaanza kuhesabu yale makaburi moyoni, kutoka barabarani.